Kutoka Wanyika hata Mijikenda: Habari za Jina Letu

Katika daftari la wanachama wa Chama hiki pana mstari wa kuandika kabila. Mwenye kulipekua daftari hilo ataona ya kuwa watu wa mlango mmoja hawaandiki jina moja. Baba ameandika Mgiriama, mwanawe ameandika Mmijikenda. Mama mmoja ameandika Mdigo, na mumewe, aliyezaliwa kijiji kile kile, amejaza Mijikenda na Digo pamoja, kwa kuwa hakutaka kuacha hata moja. Jambo hili si dogo kwa chama cha kusaidiana. Fedha za mazishi na karo za watoto hutolewa kwa watu wetu, na kabla ya kutoa ni lazima ijulikane watu wetu ni nani. Kwa sababu hiyo Halmashauri imeagiza habari za jina hili ziandikwe humu, zikae karibu na hesabu za mwaka.

Wazee wetu wataniwia radhi nikianza kwa jambo ambalo huenda vijana hawakulitazamia. Watu ni wa kale, lakini jina ni jipya. Makaya yetu yamekuwako kwa karne nyingi, na koo zetu huhesabu vizazi vingi nyuma. Lakini Mijikenda, likiwa jina la kabila zote tisa pamoja, yaani Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakambe, Waribe, Wakauma na Wajibana, halikuenea vinywani mwa watu wala katika karatasi za Serikali ila tangu katikati ya miaka ya 1940. Babu za wengi wetu walizaliwa, wakaoa, wakalipa kodi ya nyumba, pasipo kuandikwa hivyo hata siku moja. Waliandikwa Wanyika.

Basi na tulitazame kwanza neno hilo la zamani, maana lina mengi ndani yake.

Nyika kwa Kiswahili ni nchi kavu ya vichaka na miiba, yenye miti michache na maji haba. Katika lugha zetu pia neno hilo lina maana ya pori. Nyika ya kweli ipo: ukipita nchi ya Waduruma ukielekea magharibi, kwenye jangwa la Taru, utaiona, na wale waliojenga reli mwishoni mwa karne ya 19 waliionja kiu yake. Lakini msafiri wa zamani aliyetoka Mombasa kwenda kwa wale walioitwa Wanyika hakufika huko. Alipanda dau, akafuata mkono wa bahari mpaka upande wa Jomvu, kisha akapanda vilima vya Rabai kwa miguu. Juu ya vilima hivyo alikuta nini? Alikuta minazi, mashamba ya mtama na mahindi, mvua ya kutosha, na msitu mnene wenye mji ndani yake. Rabai, Ribe, Kambe na Jibana ni nchi ya kijani kuliko sehemu nyingi za pwani yenyewe. Walioitwa watu wa nyika wengi wao hawakukaa nyikani. Nyika ilikuwa nyuma yao.

Hapo twaona ya kuwa jina hilo halikutolewa kwa kuitazama nchi. Lilitolewa kwa kutazama kutoka upande mmoja. Kwa mtu wa mjini aliyeipa bahari mgongo, yote yaliyokuwa mbele yake yalikuwa nyika, na wote waliokaa huko walikuwa Wanyika. Mrabai hakuwa na sababu ya kujiita hivyo. Akiulizwa wewe ni nani, alijibu kwa kaya yake, au kwa mbari yake, au kwa jina la baba yake. Wanyika lilikuwa jina la kuitwa, si jina la kujiita. Na jina la kuitwa lina tabia hii: hukaa kwa mwenye kuita, yeye ndiye hulitunza na kulibadili maana apendavyo.

Wala halikuwa la kwanza. Wareno walioitawala Mombasa katika karne ya 17 waliandika habari za watu wa nyuma ya mji waliowaita Mozungulo. Waliandika ya kuwa ni wapiga mishale yenye sumu, na ya kuwa wenye ngome iliwabidi kuwapa nguo ili amani ikae. Yaonekana basi ya kuwa watu hao hawakuwa wanyonge. Mji uliwahitaji kwa nafaka na kwa usalama wa mlango wake wa nyuma, na ulilipa. Jina Mozungulo likapotea pamoja na Wareno wenyewe.

Halikadhalika, tusiseme kwa haraka ya kuwa Wanyika lilikuwa tusi tangu siku ya kwanza. Kwa muda mrefu lilitumika kama tutumiavyo sisi neno la jirani aliye upande wa pili wa mto. Waswahili wa Mombasa, wale wa Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa na Thelatha Taifa, walikuwa na urafiki wa kale na watu wa makaya. Kila taifa lilikuwa na wenzake wa nyuma, wakapelekeana zawadi, wakashauriana vitani, na wazee wa upande huu walipokelewa na wa upande ule kwa heshima. Pembe, sandarusi, nafaka na tembo vilishuka. Nguo, waya na samaki vilipanda. Hata mwaka wa 1895, Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gazi alipoinuka kupigana na Waingereza, palikuwa na Wagiriama waliomsaidia, kwa sababu ya mapatano ya kale.

Na tena mpaka kati ya Mnyika na Mswahili haukuwa ukuta. Ulikuwa mlango, na watu wengi walipita. Katika miaka ya njaa, kama ile Njaa ya Magunia ya mwishoni mwa miaka ya 1890, iliyopata jina lake kwa sababu ya magunia ya chakula yaliyoletwa, watu walishuka pwani kutafuta riziki. Zamani za njaa zilizotangulia baadhi ya jamaa waliweka watoto rehani mjini ili wapate nafaka, na si wote waliokombolewa. Wengine walishuka kwa biashara, wakasilimu, wakaoa, wakakaa. Upande wa Takaungu na Mtwapa Wagiriama waliosilimu waliitwa mahaji, na wajukuu wa mahaji wakawa Waswahili, wakisema Kiswahili tangu utotoni na kuulizana nani mgeni. Wadigo walisilimu kwa wingi zaidi, lakini wao hawakuondoka kwao wala kuacha jina lao. Wakabaki Wadigo Waislamu. Kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja waliweza kuwa mmoja Mnyika na mmoja Mswahili, na damu haikuwa imebadilika hata tone. Kilichobadilika ni mahali, dini, mavazi na rafiki. Nataka msomaji ayakumbuke haya, kwa kuwa yaliyofuata yaliufunga mlango huo.

Mwaka wa 1844 alifika Mombasa Mjerumani Johann Ludwig Krapf, mtumishi wa misioni ya Kanisa la Kiingereza, na mwaka wa 1846 akafuatwa na mwenzake Johannes Rebmann. Wakaweka kituo chao Rabai. Walipouliza watu wa mjini habari za watu wa vilimani, wakaambiwa jina, wakaliandika. Katika kitabu cha safari cha Krapf kilichotoka kwa Kiingereza mwaka wa 1860 tumeitwa Wanika. Kamusi waliyoianza wao wawili ikapigwa chapa mwaka wa 1887, baada ya wote wawili kufariki, nayo ikaitwa kamusi ya Kinika. Siwalaumu, mgeni huandika aliloambiwa. Lakini maneno yaliyokuwa yakielea hewani sokoni yalikuwa sasa yamegandishwa katika chapa, na kila Mzungu aliyekuja baadaye alikuja na kitabu mkononi, akijua tayari ya kuwa nyuma ya Mombasa wanakaa Wanika.

Jina likawa zito hasa lilipoingia katika sheria. Mwaka wa 1895 Waingereza walipatana na Sultani wa Unguja wautawale ukanda wa maili kumi wa pwani kwa kumlipa kodi kila mwaka. Ndani ya ukanda huo palikuwa na Liwali, Mudiri na Kadhi kwa ajili ya Waarabu na Waislamu wa mjini. Nje yake palikuwa na maofisa wa Kizungu na wazee waliochaguliwa kuwa machifu. Ili utawala wa namna hiyo ufanye kazi, kila mtu alipaswa kuwa na kabila moja na mahali pamoja. Mswahili alikuwa wa pwani, Mnyika alikuwa wa rizavu yake. Ikawa ni Rizavu ya Nyika, ikapata mistari katika ramani. Yule ndugu aliyepita mlangoni zamani kwa kubadili kofia sasa aliulizwa na karani: wewe ni nani, na kodi yako unalipa wapi? Hata Waswahili wenyewe hawakusalimika. Thenashara Taifa walihangaika miaka mingi mbele ya Serikali wasihesabiwe sawa na wale walioitwa wenyeji, kwa kuwa jina la mwenyeji lilikuwa na kodi yake na unyonge wake.

Kisha ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Jambo hili yapasa nilieleze polepole, maana hapa ndipo jina lilipogusa tumbo. Sheria hiyo ilisema ya kuwa mwenye kudai shamba katika ukanda wa pwani na aje na ushahidi wake, na akikubaliwa apewe hati ya kumiliki yeye na warithi wake. Ardhi isiyodaiwa, au iliyodaiwa bila kukubaliwa, ilikuwa mali ya Taji la Uingereza. Kwa mtu wa mjini mwenye wakili, au mwenye karatasi ya Kadhi, au mwenye kujua ofisi iko wapi, sheria hiyo ilikuwa mlango. Lakini watu wetu walishika ardhi kwa desturi ya mbari, si kwa karatasi. Shamba lilijulikana kwa mnazi uliopandwa na babu na kwa kaburi lake lililo chini ya mnazi huo. Tena ilidhaniwa ya kuwa Mnyika ana nchi yake huko nyikani, basi akionekana analima karibu na bahari, ni mgeni aliyeshuka.

Haya ndiyo matunda ya neno. Mtu aliyekuwa akilima Kilifi, Takaungu au karibu na Malindi aliamka akaambiwa analima katika shamba la mwingine, au la Serikali, akawa skwota. Si kwamba kila Mdigo au Mgiriama alikosa, wala si kwamba kila mwenye hati aliipata kwa hila; wapo Wadigo waliodai wakapata. Lakini kwa sehemu kubwa mkono ulioandika hati ulifuata jina. Maskwota wa pwani ambao habari zao husomwa magazetini mpaka miaka hii yetu ni wajukuu wa daftari lile.

Mwaka wa 1913 Serikali ilitaka vijana wa Kigiriama kwa kazi za mashamba na mji, na kodi zaidi, tena ikataka watu waliolima ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki wahame. Mekatilili wa Menza akazunguka akisema na watu, na viapo vikaliwa katika kaya. Mwezi wa Oktoba mwaka huo yeye na Wanje wa Mwadorikola wakakamatwa, wakapelekwa mbali, Kisii. Wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Agosti 1914 Serikali ikaibomoa Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikafuata. Habari hizo zajulikana, wala sitazirudia zote. Ninalotaka kulitaja ni moja tu: Wagiriama walipigana peke yao. Zile kabila nane hazikuinuka pamoja nao. Serikali ilikuwa na jina moja kwa wote, Wanyika, na jina hilo lilikuwa katika ramani na katika kodi, lakini halikumfanya Mduruma aone kuwa baruti ya Kaya Fungo imelipuka kwake. Jina la kuitwa halikuweza kufanya kazi hiyo.

Kazi hiyo ilifanywa na jina jingine, nalo lilipata nguvu mjini Mombasa. Baada ya Vita Kuu ya kwanza vijana wa makaya yote walikutana bandarini Kilindini wakipakua meli kwa kibarua cha siku. Zamani kijana aliyefika mjini alipokewa na Mswahili mwenye nyumba, akapata pa kulala na mtu wa kumwombea kazi, na huenda kwa muda akahesabika katika watu wa mwenye nyumba. Lakini njia hiyo ilizidi kuzibwa, kwa kuwa Serikali ya mji ilitaka kujua kila mfanya kazi ni wa wapi na anarudi lini. Wakati huo huo walikuja watu wa bara, wengi wao wakiwa na vyama vyao vya kusaidiana, vyenye mweka hazina na mihuri. Mdigo aliyekufa bandarini alikuwa na nani? Na Mkauma, ambaye kabila lake lote lingeweza kukaa katika wilaya chache za vilima, angeunda chama cha watu wangapi?

Basi katikati ya miaka ya 1940 ikaundwa Mijikenda Union. Waliounda walikuwa watu waliosoma na watu wa kazi, wengi wao wakikaa mjini. Hapo ndipo jina hili lilipovaa mavazi ya kabila.

Wazee wa makaya walikuwa wakisema Makaya Chenda, au Midzi Chenda, yaani makaya tisa, miji tisa. Jina lililochaguliwa ni hilo hilo kwa Kiswahili. Vijana wengine huuliza kwa nini kenda na si tisa. Kenda ni neno la kale la Kiswahili lenye maana ya tisa, nalo ni ndugu wa chenda letu. Tisa limekuja kutoka Kiarabu kama sita na saba, na katika matumizi ya kila siku limelisukuma kenda pembeni. Kwa hiyo jina letu limehifadhi hesabu ambayo Waswahili wengi wenyewe wameiacha.

Kwa maoni yangu waliochagua walikuwa na akili nyingi, na nitataja mambo matatu yanayonifanya niseme hivyo. Kwanza, jina ni la Kiswahili, lugha ya wote, wala si la Kigiriama. Wagiriama ndio wengi kupita wote, na kama jina lingetoka kwao wengine wangeona wanamezwa. Pili, jina halisemi nani mkubwa. Kenda ni hesabu tu, na katika hesabu Mjibana mmoja ana nafasi sawa na Mgiriama. La tatu ndilo linalonipendeza zaidi, wala sijasikia likisemwa sana. Waliotuita Wanyika walitwambia sisi ni watu wa pori, wao ni watu wa mji. Sisi tukajibu kwa neno lao wenyewe: miji. Wala hatukusema uongo. Kaya ilikuwa mji kweli, yenye msitu mzito pande zote uliokuwa ukuta wake, njia nyembamba chache, malango yanayofungwa, fingo lililozikwa katikati, na moro pa wazee kukaa na kukata maneno. Jina la Mijikenda si jina la watu tu. Ni jawabu kwa jina lililotangulia. Asiyejua Wanyika lilikuwa na maana gani hawezi kusikia Mijikenda lasema nini.

Watu waliokuwa wakitafuta umoja walihitaji pia chanzo kimoja. Hapo mapokeo ya Singwaya, au Shungwaya, yalipata nguvu: ya kuwa kabila zote tisa zilikaa kaskazini, ng'ambo ya mto Tana, zikahama kwa sababu ya vita na Wagala, Wadigo wakitangulia na wengine wakifuata mpaka kila kabila likapata kilima chake. Wataalamu wamebishana juu ya habari hizo. Thomas Spear, katika kitabu chake juu ya makaya kilichotoka mwaka wa 1978, aliyakubali mapokeo hayo katika mambo makubwa. Mwenzake Fred Morton, mwaka mmoja kabla yake, aliandika ya kuwa katika habari zilizoandikwa miaka ya 1840 Singwaya haionekani kuwa chanzo cha wote; Krapf, kwa mfano, alisikia ya kuwa Warabai walitoka Rombo, nchi ya Wachaga. Wako vijana waliosoma hayo wakaja kwa wazee wakitaka kuwaonyesha kuwa wamekosa. Mimi naona si adabu, tena si elimu. Lugha zetu tisa ni ndugu kabisa, na ndugu pia na Kipokomo na Kiswahili, na ndugu hawakosi kuwa na mzazi. Lakini naona pia ya kuwa habari za kaya ya Rabai zaweza kuwa na njia zaidi ya moja, kwa maana kaya ilipokea watu. Aliyefika langoni na kukubaliwa akapewa mbari, na mjukuu wake akasimulia safari ya mbari hiyo kama yake. Hivyo ndivyo mji ukuavyo.

Jina jipya halikuenea kwa siku moja. Ronald Ngala, mwalimu wa Kigiriama ambaye baadaye alikuwa kiongozi mkubwa wa siasa, alipotoa kitabu chake mwaka wa 1949 alikiita Nchi na Desturi za Wagiriama. Mholanzi A. H. J. Prins, aliyeandika juu ya makabila ya pwani mwaka wa 1952, bado alitumia jina la Nyika. Lakini ulipokaribia uhuru watu walilishika jina kwa nguvu, kwa kuwa palikuwa na shauri kubwa juu ya ukanda wa maili kumi. Wapo waliotaka Mwambao uwe nchi yake peke yake, au urudi kwa Sultani, na walisema ya kuwa pwani ni ya wapwani. Ikaulizwa basi, mpwani ni nani? Zamani yule aliyeitwa Mnyika angejibiwa arudi nyikani. Sasa aliweza kusema: sisi ndio wengi, tunazo kaya zetu, nasi ni wa hapa. Ngala, aliyekiongoza chama cha KADU tangu 1960, alitaka majimbo, lakini majimbo ndani ya Kenya. Oktoba 1963 ikakubaliwa ya kuwa ukanda huo utakuwa sehemu ya Kenya, na Desemba uhuru ukaja.

Tangu hapo Serikali yenyewe imelichukua jina. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 Mijikenda walikuwa zaidi ya 1,900,000, na katika ile ya 2019 karibu milioni 2 na nusu. Na chini ya jina hilo kila kabila lina mstari wake. Mwaka wa 2008 misitu ya makaya yetu iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, misitu kadhaa katika pwani ya urefu wa kilometa 200 hivi, nayo iliandikwa kwa jina la Mijikenda. Mwaka uliofuata desturi za kaya zikaandikwa pia, katika orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa upesi. Upesi ni neno la haki. Jina limefika Paris, na miti ya kaya nyingi inakatwa usiku.

Hata hivyo jina hili nalo lina mipaka yake, wala haifai kuificha. Mdigo wa Vanga akivuka mpaka kwenda kwa mjomba wake upande wa Tanga, anaacha Umijikenda wake forodhani. Huko mjomba ni Mdigo tu, kama babu yao alivyokuwa kabla Wazungu hawajapiga mstari. Wapo pia majirani waliokaa nasi na kuoa kwetu, kama Wasegeju na Wawata, ambao hesabu ya tisa haiwataji. Na lipo jambo la neno bara. Sisi tuliosemwa kuwa watu wa bara na nyika tumejifunza kumwita mwingine mbara, na neno hilo tumeshalisikia likitamkwa kwa sauti ambayo babu zetu waliijua vema ilipotamkwa kwao. Mwaka wa 1997, huko Likoni, tuliona sauti hiyo yafikisha watu wapi.

Kuhusu daftari, Halmashauri imekata shauri hivi. Katika mstari wa kabila mwanachama aandike jina analojiita mwenyewe, moja au mawili, na karani asimsahihishe. Msaada wa mazishi na wa karo utafuata kadi ya uanachama, na mwenye kadi asiulizwe kaya. Mjane wa Kisegeju ambaye ombi lake lilikuwa limewekwa kando tangu mwaka jana, kwa kuwa kabila lake halimo katika tisa, amelipwa.

Mwisho, wazee ambao wanakumbuka mara ya kwanza waliposikia neno Mijikenda, likitamkwa na nani na mahali gani, wanaombwa wamweleze Katibu au wamtume mtoto aandike. Wenye barua, risiti au kadi za vyama vya zamani vya mjini wazilete zinakiliwe, na watarudishiwa siku ile ile.